Barua ya wazi kwa wanaobadilisha mitihani: anzeni kwenye meza ya mtunzi wa swali

Kwenu waheshimiwa wakuu wa mabaraza ya mitihani, wajumbe wa kamati za mageuzi na watunzi wa maswali,

Salamu za heshima.

Nawaandikia nikiwa mwalimu ambaye kwa miaka mingi kazi yake ya pili imekuwa kunukuu karatasi za mitihani kutoka maandishi ya kawaida kwenda nukta nundu, yaani maandishi ya vitone ambayo wasioona huyasoma kwa vidole. Najua mko katikati ya shughuli kubwa: mitaala inaandikwa upya, vyeti vinabadilishwa majina na madaraja, na mtihani wa mwisho unapunguziwa uzito ili kazi za darasani nazo zihesabiwe. Siandiki kuyapinga mageuzi hayo. Ninaandika kwa sababu huu ndio wakati ambapo umbo la mtihani bado ni laini kama udongo wa mfinyanzi, na nimeshaona mara mbili jinsi linavyokauka haraka na kukaa hivyo miaka mingi, likirekebishwa kwa viraka tu.

Niwape mfano wa swali moja la jiografia. Lilikuwa na picha, na chini yake liliandikwa: tazama picha hapo juu, taja shughuli inayofanyika, kisha eleza sababu mbili zinazolifanya eneo hilo liifae shughuli hiyo. Alama tano. Karatasi iliponifikia ilikuwa imeshapitishwa na kila anayepaswa kuipitisha, nami nilipewa siku mbili, ndani ya chumba kilichofungwa, kuigeuza. Nikiandika kwamba watu wanavuta nyavu ufukweni, nimempa mtahiniwa jibu la kwanza bure. Nikiandika kwamba watu wamesimama kando ya maji wameshika kamba, nimempa kitendawili ambacho mwenzake anayeona hakupewa. Nikiandika "picha imeachwa", nimemnyang'anya alama tano. Nilipouliza nifanye nini, niliambiwa nitumie busara. Nilichagua kitendawili, na hadi leo sina hakika kama nilitenda haki. Baada ya mtihani, msichana aliyeifanya karatasi ile alinifuata kuniuliza picha ilikuwa ya nini. Nilipomwambia ni wavuvi, alinyamaza kidogo, kisha akanitajia sababu nne, moja baada ya nyingine, tukiwa tumesimama ngazini.

Jiografia alikuwa anaijua. Kilichomshinda ni kuiona picha, na kwamba haoni lilikuwa jambo linalojulikana tangu siku alipoandikishwa kufanya mtihani. Ombi langu kwenu, ambalo mengine yote katika barua hii yanatokana nalo, ni kwamba kila swali linapotungwa liandikiwe pembeni linapima nini hasa, na ni kipi ndani yake kilicho njia tu ya kukifikia kinachopimwa. Ikiwa tunataka kujua kama mwanafunzi anaelewa kwa nini uvuvi hustawi mahali fulani, picha ni njia, na aya fupi ya maelezo ingeweza kushika nafasi yake kwa watahiniwa wote. Ikiwa tunapima uwezo wa kusoma picha, basi isemwe hivyo, na mtaalamu wa somo aamue mapema asiyeona atapewa kazi gani yenye uzito ule ule. Katika hali zote mbili uamuzi unakuwa wa mtunzi, mwenye muda na wenzake wa kushauriana nao, badala ya kumwangukia mnukuzi mmoja usiku wa manane.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na kuanza kutumika tarehe 3 Mei 2008, unazungumzia mambo mawili ambayo katika ofisi zetu huchanganywa. La kwanza ni marekebisho yanayofaa, yaani yale anayofanyiwa mtu mmoja kulingana na hali yake. Kumnyima, kifungu cha 2 kinasema wazi, ni ubaguzi. La pili ni usanifu kwa wote, yaani kukitengeneza kitu tangu mwanzo ili kitumiwe na watu wengi kadiri iwezekanavyo bila kuhitaji kubadilishwa. Mabaraza mengi yamejifunza lile la kwanza. Yana orodha: muda wa ziada, msomaji, mwandishi, maandishi makubwa, chumba cha peke yake. Ni orodha nzuri na nitaitetea popote. Lakini orodha hiyo haiwezi kuliokoa swali lililokwenda kombo tangu lilipotungwa, na anayelipia kasoro hiyo huwa mtahiniwa.

Niliwahi kukaa kama mwandishi wa kijana mwenye mtindio wa ubongo katika karatasi ya fizikia. Kichwa chake kilikuwa chepesi kuliko changu, ila mikono haikumtii na maneno yalimtoka polepole. Kanuni ziliniruhusu kuchora, kwa sharti kwamba nichore anachoelekeza yeye tu, bila kusahihisha wala kukisia. Swali lilitaka saketi yenye betri, swichi, balbu mbili sambamba na ameta. Akaanza: chora mstari wa kulala, sentimita tano, mwishoni mwa mstari shuka sentimita mbili, hapana, umeshuka upande wa kushoto, mimi nilitaka kulia. Nikafuta. Tulitumia dakika ishirini na mbili kwa alama nne, na moja ya alama hizo ilikuwa ya unadhifu wa mchoro. Unadhifu wa nani? Mkono ulikuwa wangu. Kama mwongozo wa usahihishaji ungesema tangu mwanzo kwamba kinachopimwa ni kujua vifaa vinavyounganishwa na jinsi mkondo unavyogawanyika, angeweza kueleza saketi ile kwa sentensi tatu, au kuchagua kati ya michoro minne iliyokwisha kuchorwa na kutetea chaguo lake. Miongozo ya usahihishaji nayo inaandikwa upya katika mageuzi haya. Naomba sana isisahauliwe, maana mara nyingi kizuizi hukaa humo na wala si katika swali.

Kuhusu muda, nyongeza inayotolewa sana Uingereza, kwa mfano, ni asilimia 25, na mifumo mingine ina viwango vyake. Nyongeza hiyo husaidia, ila ina mpaka. Ukurasa wa kawaida wa nukta nundu hubeba mistari kama 25 ya herufi 40, kwa hiyo ukurasa mmoja wa maandishi ya kawaida huzaa kurasa mbili au tatu, na taarifa ndefu ya kusomwa kabla ya maswali huwa kijitabu. Anayeona hurusha jicho juu kuitafuta sentensi aliyoulizwa. Anayesoma kwa vidole hurudi nyuma kurasa sita, akipapasa. Karatasi ya saa tatu ikiongezewa robo inakuwa saa tatu na dakika arobaini na tano, na siku yenye karatasi mbili inammaliza mtoto kabla ya karatasi ya pili kufunguliwa. Kwa mwenye maumivu ya selimundu, au anayetoka kwenye kifafa, muda mrefu zaidi kitini unaweza kuwa adhabu. Anachohitaji ni mapumziko ambayo saa inasimamishwa. Swali la msingi linabaki pale pale: je, kasi ni sehemu ya kinachopimwa? Katika masomo machache, ndiyo. Katika mengi si hivyo, na huko ingetosha kuandika maswali ya saa moja na nusu ndani ya mtihani wa saa mbili. Wengi wa wanaoomba nyongeza leo wasingelazimika kuiomba.

Kwa viziwi jambo ni zito zaidi, na wajumbe wengi wa kamati hulichukulia kwa wepesi wakidhani kwamba asiyesikia atasoma karatasi kama wengine. Kwa kiziwi aliyekulia katika lugha ya alama, lugha iliyoandikwa kwenye karatasi huwa ni lugha yake ya pili. Anapokutana na swali la sayansi lisemalo "ni lipi kati ya haya lisiloweza kukosekana", anapimwa ukanushaji juu ya ukanushaji kabla ya kupimwa sayansi. Tena mkalimani akiwekwa chumbani siku ile ile, bila kuiona karatasi mapema, hujikuta mtegoni. Katika lugha nyingi za alama, ishara ya pembetatu huchora umbo lenyewe hewani. Ukiuliza pembetatu ina pande ngapi umeshajibu. Neno jipya la silabasi likiwa halina ishara iliyokubaliwa, mkalimani wa chumba hiki atalitahajia kwa vidole, na wa chumba cha pili atabuni ishara yake. Mageuzi huleta masomo mapya na istilahi mpya kwa mamia. Wataalamu viziwi washirikishwe kukubaliana ishara hizo wakati kitabu cha kiada kinaandikwa, na maswali yatafsiriwe kwa video iliyorekodiwa na kukaguliwa, ili kila mtahiniwa apate tafsiri ile ile.

Nasikia mtaniuliza kuhusu viwango. Ni swali halali. Cheti ambacho mwajiri hakiamini hakimsaidii mwenye ulemavu, na mimi mwenyewe nimekataa mara kadhaa kumwongezea mtahiniwa neno alilolisahau. Lakini kiwango hulindwa kwa kujua kinachopimwa, na upo mfano unaoonyesha jinsi fikra hiyo inavyofanya kazi. Nchini Uingereza, katika mtihani wa sekondari uitwao GCSE, kwenye sehemu ya lugha ya Kiingereza inayopima kusoma, mtahiniwa haruhusiwi kusomewa na mtu, lakini anaruhusiwa kutumia programu ya kompyuta inayoyatamka maandishi. Hoja ni kwamba msomaji wa kibinadamu, kwa kiimbo na mkazo wake, hutia maana ndani ya sentensi, wakati mashine hutamka tu na kumwachia mtahiniwa kazi ya kuelewa. Mtu anaweza kubishana na mpaka huo, na binafsi nadhani kompyuta za siku hizi zinasoma kwa kiimbo kizuri kuliko baadhi yetu. Hata hivyo, angalau mtu alikaa chini akajiuliza kusoma ni nini.

Sasa niseme juu ya tathmini endelevu, ambayo imepokewa kwa shangwe kana kwamba ikifika, suala la ulemavu limekwisha. Ni kweli kwamba mtoto anayelazwa hospitalini mara kwa mara ananufaika kazi yake ikihesabiwa kidogo kidogo. Ila kanuni zetu za marekebisho ziliandikwa kwa ajili ya ukumbi wenye madawati na msimamizi. Hazisemi chochote juu ya mradi wa kikundi ambamo kiziwi mmoja yuko na wanne wanaosikia, wala juu ya wasilisho la mdomo la dakika tano kwa mwenye kigugumizi. Mwalimu wa darasa ndiye anayeachiwa kuamua, na walimu wawili katika shule mbili wataamua tofauti: mmoja atamsamehe mtoto kazi nzima, mwingine atampa sifuri, na alama zote mbili zitaingia kwenye cheti cha taifa. Andikeni kanuni za kazi za darasani kwa umakini ule ule mnaouweka kwenye karatasi za mwisho.

Halafu kuna kompyuta. Hapa nina matumaini zaidi kuliko mahali pengine, na hofu pia. Karatasi iliyo kwenye skrini inaweza kukuzwa, kubadilishwa rangi, kusomwa kwa sauti, kupelekwa kwenye kifaa cha nukta nundu, vyote bila kumsubiri mtu kama mimi. Lakini nimekaa karibu na mwanafunzi wakati wa majaribio ya mfumo mmoja wa kidijitali nikasikia kisoma skrini chake, yaani programu inayomsomea asiyeona kilichomo kwenye skrini, kikitamka: swali la saba, tafuta thamani ya, picha. Kisha kimya. Mlinganyo ulikuwa umebandikwa kama picha. Swali la nane lilitaka aburute majibu kwa kipanya na kuyaweka kwenye visanduku, na la tisa halikumfikia, kwa sababu programu iliyofunga kompyuta ili watahiniwa wasiibe majibu kwenye intaneti ilikifunga na kisoma skrini chake. Mwongozo wa kimataifa wa kuweka maudhui ya wavuti katika hali inayofikika, WCAG, upo tangu miaka ya 1990, na toleo la 2.2 lilitoka mwaka 2023. Hakuna mwenye kampuni ya programu anayeweza kusema hajui. Kipengele hicho kiingizwe kwenye mkataba wa ununuzi, na malipo ya mwisho yasubiri mpaka wanafunzi wasioona, wenye uoni hafifu na wasioweza kutumia kipanya wameufanya mtihani mzima wa majaribio. Hilo la rangi, kwa njia, lina wadau wengi kuliko mnavyodhani: miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini, mwanamume mmoja kati ya 12 hivi hatofautishi vyema nyekundu na kijani, na bado tunachapa grafu za mistari miwili, mmoja mwekundu, wa pili wa kijani.

Jambo jingine linawahusu wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa mageuzi. Karatasi za mfano zinapotolewa, shule zote huzikimbilia, kwa kuwa mtihani mpya hauna karatasi za miaka iliyopita. Mara ya mwisho mfumo ulipobadilika, wanafunzi wangu walizipata karatasi hizo katika nukta nundu miezi minane baada ya wenzao, zikiwa bila michoro. Walikwenda kwenye mtihani mpya wakiwa wamefanya mazoezi ya mtihani wa zamani. Naomba kanuni moja tu hapa: karatasi ya mfano isitolewe kwa yeyote mpaka iwe tayari kwa wote. Kwa vitabu vya kiada, Mkataba wa Marrakesh wa 2013 umeziwezesha nchi zilizouridhia kutengeneza nakala za nukta nundu, sauti na maandishi makubwa bila kuomba ruhusa ya mwenye hakimiliki, na hata kubadilishana nakala hizo kuvuka mipaka, kwa hiyo kisingizio cha hakimiliki hakina nguvu tena.

Na wapo watakaoangukia katikati. Mwanafunzi mwenye ulemavu au maradhi ya muda mrefu mara nyingi hugawa masomo yake katika mihula au miaka miwili, au hurudia baada ya upasuaji. Mfumo wa zamani ukifungwa kwa tarehe moja, huyu hubaki na nusu cheti cha huku na nusu cha kule, visivyounganika. Wekeni kipindi cha mpito ambacho alama zilizokwisha kupatikana zinahamishika, na kitangazwe kabla watu hawajachagua masomo.

Juu ya makaratasi ya maombi sitakaa sana. Mtoto aliyezaliwa bila mkono haoteshi mkono kati ya mtihani wa muhula huu na ule wa mwaka ujao. Kumdai cheti kipya cha daktari kila mara ni kumchosha mzazi wake na kumnufaisha karani. Cheti cha matokeo, kwa upande wake, kinahitaji tahadhari. Kwa miaka mingi nchini Marekani alama za waliofanya mitihani ya kuingia vyuoni kwa muda wa ziada ziliwekewa ishara maalumu, ili anayezisoma ajue. Mtu asiye na mikono aliyefanya mtihani wa kuingia shule za biashara alilipeleka suala hilo mahakamani, shauri likamalizwa kwa makubaliano mwaka 2001, na kufikia 2003 ishara hiyo ilikuwa imeondolewa pia kwenye SAT, mtihani mwingine wa kuingia vyuoni. Mnapobuni muonekano wa cheti kipya, msiirudishe kwa jina jingine, kama vile neno "amesamehewa" kando ya somo.

Kifungu cha 4 cha mkataba niliokwisha kuutaja kinazitaka nchi zishauriane kwa karibu na watu wenye ulemavu, wakiwemo watoto, kupitia vyama vyao. Nimehudhuria mashauriano ya aina hiyo. Tulipewa rasimu iliyokwisha kufungwa jalada, tukapewa asubuhi moja, na rasimu yenyewe ilikuwa ya maandishi ya kawaida, kwa hiyo wenzangu watatu wasioona walisomewa kurasa mbili za muhtasari. Mkitaka mashauriano yenye faida, wawekeni watu hawa kwenye jopo la watunzi, walipeni kama wataalamu wengine, na wapeni mamlaka ya kulirudisha swali.

Naomba mnijibu mambo matatu kwa maandishi. Je, katika fomu ya mtunzi wa swali mtaongeza safu ya kueleza kinachopimwa na kilicho njia tu? Je, karatasi za mfano zitatoka siku moja kwa wote? Na je, nani, kwa cheo chake, atakayepokea simu mnukuzi akikwama kwenye picha siku mbili kabla ya mtihani? Nimeihifadhi nakala yangu ya lile swali la wavuvi, na jopo lenu la jiografia likikutana niko tayari kuja nalo, pamoja na mashine yangu ya nukta nundu, tuliandike upya mezani.

Wenu katika kazi,

Mwalimu na mnukuzi wa karatasi za mitihani kwa nukta nundu